Pale Ulipopima Palikuwa Zizi

Mama yangu Nyabwire,

Ninakuita mama kama nilivyokuita tangu siku ya kwanza, kwa sababu una jina la mama yangu na ulimi wangu haukuwahi kukubali kukuita vinginevyo. Mama yako yuko chumba cha pili, analikandamiza begi lako kwa goti ili zipu ifunge. Ametia karanga, ametia dagaa, ametia unga wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, utadhani huko Dodoma watu hawali. Kesho njiani ndiye atakayekuambia usipokee soda ya mtu usiyemjua na utafute kanisa mapema. Hayo ni yake, anayaweza kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, tena baya.

Pale ulipopima palikuwa zizi.

Ile kona ya juu ya shamba letu, kando ya jiwe kubwa, ulikochimbua udongo mweusi ukaunusa na kutabasamu, hapo ndipo walipolala ng'ombe wa babu yako, na baada yake wangu, miaka na miaka. Wewe zizi hilo hukuliona. Ng'ombe waliibwa ukiwa bado tumboni, na mimi kwa hasira nikazing'oa nguzo zote, nikazichoma, nikalima juu yake. Mtu yeyote wa rika langu hapa kijijini anajua kwamba palipolala ng'ombe panaendelea kuzaa hata watu wakishapasahau. Tupa pale mbegu ya boga bila hata kuifukia, utakula boga. Ndipo nilipokupeleka, nikakuacha uamini kwamba shamba zima liko hivyo.

Nakuona bado ulivyoshuka kwenye bodaboda siku ile, ukitokea kikaoni Nyasura, umevaa shati la mradi wenu wa kuponya ardhi, na vifaa umevifunga nyuma kwa mpira. Nilijivuna mpaka nikaona aibu mwenyewe. Ukapigilia ardhini ule mkebe wako wa chuma usio na kitako, ukamimina maji, ukatazama saa. Maji yakazama hata hujamaliza kufunga dumu. Ukanieleza kwamba ardhi iliyokufa inayakataa maji, na ardhi iliyopona inayanywa. Halafu ukauliza kwa adabu yako ileile:

"Baba, na huko chini kuelekea korongoni? Inabidi nipime na huko."

"Huko kote ni hivihivi," nikakujibu. "Mimi ndiye ninayelimaga hapa. Au unataka kunifundisha shamba langu?"

Ukacheka. "Hapana baba, nitawezea wapi!"

Jua lilikuwa kali, na bodaboda alikuwa anapiga honi barabarani, anataka nauli yake aondoke. Ukatia udongo kwenye vifuko, ukaingiza kwenye simu yako namba za zizi, ukaziita namba za shamba. Najua kazi yenu haitaki hivyo, najua ulitakiwa kuzunguka mteremko wote hata kama baba yako anachukia. Lakini mtoto asipomwamini baba yake juu ya shamba la baba yake, amwamini nani? Kosa lako limetoka kwenye malezi mema. Langu sina pa kuliegemeza.

Na sikufanya kwa kutojua. Ulikuwa umeshatueleza yote tukiwa tunakula usiku wa kuamkia siku ile, kwamba shamba letu limechaguliwa kuwakilisha mteremko wote, kutoka mlimani hadi barabara ya Kibara. Namba zikitoka mbaya, mradi utaleta zile nyavu za waya za kujazia mawe, uzibe korongo. Zikitoka nzuri, utaandika kwamba mteremko umepona na nyavu zitakwenda kijiji kingine. Ulipomaliza kupima ulirudi mezani na furaha yako, ukasema, "Baba, wakiona hizi watasema kwetu kumepona." Nikakujibu, "Si ndiyo vizuri?" Mama yako alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Yeye alikamua maziwa katika zizi lile akiwa bibi harusi, na alijua kabisa udongo uliokuwa kwenye vile vifuko vyako ulitoka wapi.

Ulipokwenda kuoga alinifuata uani.

"Baba Nyabwire, umempa mtoto nini?"

"Nimempa udongo."

"Umempa mavi ya ng'ombe wa baba yako akayaandike ni jasho lako."

Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka. Ulidhani tumegombana kwa sababu ya safari yako. Uliniuliza, nikakuambia mama yako ana uchungu wa kuachwa. Huo nao ulikuwa uongo, wa pili katika mwezi mmoja, nami ni mzee wa kanisa.

Sasa nikueleze kwa nini, maana najua utauliza kwa nini, umekuwa ukiuliza tangu hujaota meno.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mkulima bora wa pamba. Ile kofia iliyochakaa ambayo mama yako anaizibia dirisha la jiko ni zawadi niliyopewa pamoja na plau mpya, mbele ya watu, huku wananipigia vigelegele. Unajua nilishindaje? Wapimaji wa mashindano walikuja kwa gari, wakakaa barabarani, wakatazama mteremko kupitia dirishani. Nami nilikuwa nimelima kwa mistari iliyonyooka kutoka juu mlimani hadi chini barabarani, mistari ya kumvutia mtu aliyekaa kwenye gari. Kulima hivyo ni rahisi. Ng'ombe wanashuka wenyewe, plau haiinami, na ekari inaisha kabla jua halijapanda. Ukikata mteremko kwa upande, plau inakulalia na ng'ombe wanachoka. Wakaniuliza nalima ekari kwa muda gani, nikawaambia, wakatikisa vichwa kwa kunisifu. Kisha wakaomba kuona pamba kwa karibu. Nikawapeleka wapi? Kando ya zizi, palipokuwa na mashina marefu kuniziba. Kwa hiyo mama yangu, hukuwa wa kwanza kupelekwa kwenye kona ile. Nilikuwa na mazoea.

Baada ya zawadi kijiji kizima kilinyoosha mistari. Wambura, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye shamba lake liko chini ya letu, alikuwa amelima kwa upande maisha yake yote, kama alivyofanya baba yake. Nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe unalimaga kama unatafuta kitu kilichokupotea." Watu wakacheka, akaona haya, akageuza mistari yake. Alikufa akiwa anailima hivyo.

Mvua ikaja, na baada yake mvua nyingine. Mifereji ya plau ikawa mifereji ya maji. Kila msimu, pamba ikishavunwa, tuling'oa mashina yote na kuyachoma kama tulivyoamriwa ili kuua wadudu, kisha ng'ombe wa kila mtu wakaingia kumalizia yaliyobaki, ndiyo desturi yetu, shamba likishavunwa halina mwenyewe. Kwa hiyo mvua ya kwanza ilikuta ardhi haina hata uzi mwilini. Hatukumnyima mtu ng'ombe wake kuingia, kwa sababu na sisi tulipeleka wetu kwake.

Mavuno yalipoanza kupungua nikapanda mlima. Nilifyeka kipande kingine, mwaka uliofuata kingine. Magunia niliyoyapeleka mzanini yalikuwa yaleyale, na mwenye mzani akanisifu kwamba Magesa hatetereki. Nikaamini. Siku ile uliponieleza maana ya ufanisi, kwamba hamhesabu mavuno peke yake, mnauliza yametoka kwenye ardhi kubwa kiasi gani, kwa jasho la nani, na kama ardhi itaweza tena mwakani, nilikutania kwamba chuo kimewafundisha kuuliza maswali ya mahakamani. Lakini usingizi ulinipaa. Nilielewa kwamba miaka yote ile nilikuwa nakula mlima ili mzani usione kwamba shamba limekwisha. Hakuna aliyewahi kuniambia nipime kilichoondoka na maji. Na kama angeniambia ningemfukuza, nisijisingizie hekima ambayo sikuwa nayo.

Kilichoondoka na maji kilikwenda kwa Wambura. Kwanza tope, halafu mchanga, halafu mawe. Korongo likafuata mstari wangu mmoja hadi shambani kwake na kulipasua katikati. Alipofariki, mkewe, Mama Mkami, alijaribu mihogo, ikaoza. Akajaribu mtama, ukachomeka. Ndipo akahamia Musoma, ukaambiwa kwamba mama yako mdogo amepata biashara mjini. Tuliisema hivyo ili isikike vizuri.

Nilimkuta sokoni Mwigobero, hukohuko Musoma, mwezi uliopita nilipokwenda kununua dawa. Alikuwa ameinama kwenye turubai, anaanua dagaa, miguu imepasuka kwa maji na mchanga. Nilitaka kupita kama sijamwona. Akaniita.

"Shemeji! Unapitaga tu kama mgeni?"

Nikarudi, tukasalimiana, nikamuuliza habari za biashara. Akasema ya Mungu mengi. Akanifungia dagaa, akakataa nilipe. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nasikia Nyabwire anapimaga mashamba. Mungu amsaidie. Watatuwekea mawe?"

"Tunangoja vipimo," nikasema.

"Mimi nangoja kurudi kwangu. Huku ni kwa watu." Akakung'uta mikono. "Udongo wako ninao, shemeji. Wote uko kwangu, umelala juu ya wangu. Siku ukiutaka uje na mkokoteni."

Alisema huku anacheka, na wanawake wenzake wakacheka wakidhani ni utani wa mashemeji. Nilipanda gari hadi Bunda na wale dagaa mapajani, nina hasira. Nakuambia ukweli, sikuwa na huruma, nilikuwa na hasira. Nilijiambia, huyu mwanamke ananitangaza sokoni kwamba mimi ndiye niliyeua mteremko. Wakati huo wewe ulikuwa umeshapewa kazi ya kupima shamba letu. Nikawaza, mwanangu mwenyewe, msomi, akiandika kwamba ardhi ya Magesa imepona, nani atanisema tena? Nilitaka kusafishwa na mkono wako. Ndivyo ilivyokuwa, wala haina maelezo marefu.

Usidhani sikuwahi kujaribu. Ukiwa chuoni ulinitumia picha za matuta yanayofuata kimo cha mlima, nikatengeneza ile fremu ya miti yenye umbo la A, na jiwe likining'inia kwa kamba kuonyesha usawa. Nilichimba matuta. Majirani waliniuliza nazika nani. Niliyapandia majani, yakashika, na msimu mmoja nikaona maji yamesimama nyuma ya tuta badala ya kukimbia. Nilibaki pale natabasamu peke yangu. Kisha mavuno yakaisha na ng'ombe wakaja kama kawaida. Wangu wachache niliowanunua baadaye, na wa wenzangu. Wakala majani, wakayakanyaga matuta hadi yakawa njia. Ningeweza kusimama barabarani na kusema shamba hili msiingie. Ningekuwa mtu wa kwanza kusema hivyo hapa, na watu wangeniona mchoyo aliyejaa kiburi. Sikusema. Niliogopa kusemwa, mimi niliyemcheka Wambura hadharani. Matuta yaliyobaki ndiyo yale uliyoyapiga picha.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga kwa shangazi zako, nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata kitako, nikateremka kuelekea korongoni. Nikalipigilia kama ulivyofanya. Nikamimina maji. Nikangoja. Maji yakakaa. Nikaketi, yakakaa. Mbwa wetu aliyenifuata akasogea, akayanywa yote, akajilamba, akaenda zake. Hicho ndicho kipimo halisi cha shamba la baba yako.

Nikachimba udongo pale, na kwenye kipara cha katikati, na kule juu nilikofyeka mwishoni, ambako wewe hukufika. Nikaviweka katika vifuko tofauti na kuandika kila kimoja kimetoka wapi, kwa kalamu yako ya wino mzito uliyoiacha dirishani. Vyote viko ndani ya kiroba kidogo cha salfeti, chini kabisa ya begi, chini ya karanga. Barua hii nitaitia humohumo mkishalala. Rangi ya udongo huo inafanana na unga wa mtama, usije ukamkaribisha mgeni ugali.

Najua vifuko vyangu havitoshi kwa kazi yenu. Mtasema havikuchukuliwa kwa utaratibu, na itabidi mtu atumwe kupima upya. Basi atumwe. Najua pia kwamba namba zile nzuri zilisomwa mbele ya wakubwa wako, na kwamba zilisaidia wewe kuitwa makao makuu badala ya wenzako. Ukisema kwamba hazikuwa za kweli, huenda wakakurudisha, huenda wakakufukuza. Hilo linaniuma kuliko korongo. Nimekusomesha kwa pamba niliyoitoa mlimani, na sasa nimekutia doa kazini kabla hujapewa hata meza.

Siwezi kukuamuru. Haki hiyo niliiacha kwenye zizi. Lakini ukiamua kusema, usinifunike. Usiseme kulikuwa na makosa ya vifaa wala usiseme muda haukutosha. Sema, baba yangu alinidanganya. Waambie wanipigie simu, nami nitasema hivyohivyo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na hata mbele ya Mama Mkami, ingawa huyo ndiye ninayemwogopa. Na ukiamua kunyamaza, ujue kuna mwanamke anayeanua dagaa Mwigobero akikuombea wewe kwa Mungu, kila siku, kwa jina.

Utajiuliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo, nyumba ni ndogo, uko chumba cha pili, nakusikia unacheka na mama yako kuhusu zipu. Nilikuja hadi mlangoni. Ukasema, "Karibu baba, kaa," ukaniondolea nguo kitandani nipate nafasi. Nikasema nilikuwa natafuta tochi.

Kesho tutakwenda stendi ya Bunda. Basi likianza kunguruma utapiga goti mbele yangu, hapo hapo vumbini, na nguo zako nzuri za safari, uniage kama ulivyofundishwa, na watu watatazama na kusema yule mzee amelea. Ningekuambia leo, usingepiga lile goti, au ungelipiga kwa kujilazimisha. Nalitaka likiwa zima, mara moja ya mwisho. Ndiyo maana barua hii naiweka chini ya karanga, ukaipate Dodoma, goti likiwa limeshapita.

Kwa hiyo unaposoma hapa nimeshakudanganya tena, na goti lako nimeshalichukua. Piga simu kwa wakubwa wako kwanza. Mimi nipigie baadaye, kama utaona bado nastahili salamu yako.

Baba yako,
Magesa